Dakika Kumi na Saba za Lodwar

Mwaka 1989 Gordon alikuwa karani wa redio katika mnara wa kiwanja cha ndege cha Kisumu. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kama kilomita mia tatu na sabini, na ndege ndogo ya rubani Masinde ilihitaji saa moja na dakika thelathini na sita. Gordon aliujua muda huo kama jina la mama yake. Ndiyo maana Jumanne moja, ndege ilipochukua saa moja na dakika hamsini na tatu kurudi, damu ilimchemka.

Ndani yake alikuwamo Beldina, muuguzi wa chanjo, mchumba wake. Jumamosi wazee wa Gordon walikuwa waende kwao Ahero kumposa.

Dakika kumi na saba! Rubani Masinde alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye miwani myeusi, na kila wiki alikaa na Beldina huko juu, ambako Gordon hakuwahi kufika hata mara moja. Akachukua rula, akaipima ramani upya. Njiani palikuwa na viwanja vinne vya nyasi. Watu wawili wangeweza kutua, wakanyoosha miguu, wakacheka kidogo, wakapaa tena. Kadiri alivyopima ndivyo alivyowaona wakicheka.

Akashuka ngazi mbio.

“Mlitua wapi?”

“Omera, ndugu yangu, si unisalimie kwanza?” Masinde alisema, akiteremsha sanduku la chanjo. “Tumetua hapa. Ama hii si Kisumu?”

“Kuna dakika kumi na saba sizioni.”

“Angalia mfukoni.”

Gordon hakucheka. “Beldina, nakuuliza wewe. Mlikuwa wapi?”

Beldina akamgeukia. “Asubuhi tulifika Lodwar kwa muda gani?”

“Saa moja na dakika ishirini na nne.”

“Hizo dakika kumi na mbili tulizookoa, mbona hukuuliza tulizitoa wapi?”

Gordon akahesabu tena kichwani. Upepo. Upepo wa kusini uliowasukuma asubuhi ndio uliowazuia mchana, na ni yeye mwenyewe aliyemsomea Masinde nguvu zake redioni kabla hajaruka.

“Mimi natafuta chai,” Masinde alisema, akaondoka.

“Nisamehe. Ni upepo.”

“Leo ni upepo. Na siku nikichelewa kutoka mtaa wa Migosi, utakuja na rula?” Beldina akafuta macho. “Sijakukataa, Gordon. Lakini wazee wasije Jumamosi. Siwezi kuposwa na mtu anayenipima.”

Gordon akapanda mnarani, akampigia simu baba yake mdogo, Zadock, aliyefanya kazi posta ya Port Victoria. Yeye ndiye angeongoza wazee.

“Baba, Jumamosi hatuendi.”

“Kwa nini? Ahero imejaa maji tena?”

Uongo ulikuwa tayari, umeshachemshwa na kuandaliwa mezani. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Dirishani, Gordon alimwona Masinde akimpa Beldina kikombe cha chai, na Beldina, akiwa bado anafuta macho, akacheka. Kitu kikamchoma tena, kama aliposhika ile rula.

“Hapana, Baba. Barabara ni nzuri. Ni mimi. Nina wivu.”

Zadock akauliza polepole, “Wivu wa nani?”

“Wa rubani,” Gordon alisema. “Na hana kosa lolote.”