Nyumba ya Mkono wa Kulia

Nilichoona kwanza ni mifuko ya mashati. Kwenye picha ile walisimama wanaume sita mbele ya duka lisilo na bango, na wote mifuko yao ya kifuani ilikuwa upande wa kulia. Mimi napiga pasi kwa dobi tangu nilipoachia shule darasa la tano. Shati la mwanamume, mfuko hukaa kushoto. Nikasema moyoni, labda zamani walishona hivyo.

Picha hiyo ilitoka kwenye hifadhi ya picha za zamani za mji wetu, iliyowekwa mtandaoni. Mjomba aliifungua kwenye kompyuta yake ili mama yake, yaani bibi yangu, auone tena mtaa aliozaliwa, uliobomolewa kupisha barabara. Kila Jumapili alasiri tulikaa watatu mezani. Tukapita stesheni ya kwanza, soko kabla halijaezekwa, wanawake wamepanga ndoo bombani. Bibi aliwatambua watu.

"Huyu si Kijiko huyu! Hapiti penye sufuria asionje."

Mjomba akacheka mpaka akafuta machozi.

Tulipofika kwenye picha ya mtaa wake, ile ya wanaume sita, Bibi alikunja uso.

"Siyo."

"Mama, wameandika hapo chini. Ndio mtaa wenu."

"Mtaa ni wetu. Lakini ukiligeuzia mgongo tangi la maji, nyumba yetu ilikuwa mkono wa kulia. Hawa wameiweka kushoto."

"Nani aihamishe, Mama? Nyumba ina miguu?"

"Kamuulize aliyepiga."

Mjomba hakucheka tena. Si mtu mbaya; alikuwa na hofu. Mwezi uliopita Bibi alikuwa ameacha jiko likiwaka akaenda kulala, na sasa hili. Kesho yake akamchukulia ufunguo wa geti.

"Usitoke peke yako, Mama. Utapotea."

Bibi alizoea kwenda kila asubuhi kwa shoga yake, nyumba ya tano kutoka kwetu. Tangu hapo akawa anakaa kwenye kibaraza, viatu miguuni, mkoba mapajani, anatazama geti.

Siku moja nilibaki peke yangu na kompyuta. Nikachukua kioo cha kuchania nywele, nikakielekeza kwenye picha. Ndani ya kioo mifuko yote sita ilirudi kushoto. Nyumba ya Bibi ikahamia kulia, mlango wake na ngazi zake mbili. Nikakirudisha kioo mahali pake kama mtu aliyeiba.

Jioni hiyo nilikuwa nanyoosha gauni lake. Akaja akasimama karibu.

"Na wewe, Mdomo Kufuli, unaona bibi yako amechanganyikiwa?"

Nikaikandamiza pasi.

"Sijui, Bibi."

"Basi labda ni kweli," akasema.

Baada ya hapo hakubishana na mtu. Akaanza kuuliza hata mambo anayoyajua: leo siku gani, chumvi inakaa wapi, yeye ameshakula au bado. Nilipoona hivyo ndipo nikawaandikia watu wa hifadhi, pale chini ya picha panapoachwa nafasi ya maoni. Mistari mitatu ilinichukua siku mbili. Jibu halikuja. Homa ya mapafu ilikuja kabla yake, na Bibi hakupona.

Zilikuwa zimepita siku kumi na moja tangu tumzike, mtunza picha alipojibu. Alisema picha ilipigwa kwenye kipande cha kioo, kama zamani kabla ya filamu, na siku ya kuiingiza kwenye kompyuta kioo kililazwa upande usio wake, kulia kukawa kushoto. Wameshaigeuza. Alinishukuru kwa jicho langu.

Mjomba alitazama picha muda mrefu.

"Ilikuwa kulia," akasema. Akaenda chumbani kwa mama yake, akakaa kwenye kitanda kisicho na shuka.

Hakuniuliza niliona lini. Anadhani niliona siku niliyoandika, na mimi nimemwacha adhani hivyo.

Bibi, uliponiuliza, nilikuwa najua. Niliogopa Mjomba atanicheka, mtu wa darasa la tano kusahihisha kompyuta. Hukuchanganyikiwa, Bibi. Ungetoka getini ukafika kwa shoga yako, ukarudi, bila mtu wa kukushika mkono.