Mabomba Manne na Mguu wa Mama

Kama kuna mtu aliyechoka duniani, basi ni binti mkubwa wa Mzee Brashi. Hakuchoka kwa kulima wala kwa kubeba zege. Alichoka kwa kubeba maneno, tena kutoka upande mmoja wa gari hadi upande wa pili, hatua tano tu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba yake alipaka rangi nyumba za watu kwa miaka arobaini. Alistaafu yeye, brashi haikustaafu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi. Mume wake alikuwa fundi wa magari. Mkwe na mkwewe walipendana, lakini walipendana kwa mbali. Fundi alilelewa kwamba baba wa mkeo hujibizani naye, humsahihishi, na ukimkuta anakosea unatazama pembeni mpaka amalize. Mzee naye alilelewa kwamba mkwe hafokewi wala hatumwi usoni. Basi kila walipokutana uani kwenye gari la mzee, mmoja kwenye boneti na mwingine kwenye buti, kilichosikika ni "mwambie mumeo" na "mwambie baba." Na mwambiaji ni nani? Ni yeye. Wadogo zake walimpachika jina la Posta, na jina likamganda.

Siku moja alimlalamikia mama yake. Mama akamwambia mjumbe hauawi.

"Hauawi, mama," Posta akajibu, "lakini anachoshwa mpaka anatamani wamuue tu yaishe."

Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya mabomba ya ekzosi. Gari la mzee lilikuwa la siku nyingi, na kile chuma kizito kinachopokea moshi kutoka kwenye injini kilipasuka. Cha aina ile hakikupatikana tena. Mzee akazunguka huko na huko mpaka akapata mabomba manne yaliyopinda, yanayotoka kwenye injini na kukutana chini kuwa bomba moja. Fundi akayajaribisha, yakakubali. Ila yalipita karibu mno na sakafu ya upande wa abiria, na lile bati la zamani la kukinga joto likakosa pa kukaa.

Mabomba yalikuwa chuma kitupu. Yakiachwa hivyo, kutu itayala kabla ya mwaka. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Yapakwe rangi ya kuhimili moto, au yapelekwe kwa watu wa seramiki ng'ambo ya mji, wayasafishe kwa mchanga, wayapulizie utandu mgumu kama wa kigae, kisha wayaoke kwenye tanuri? Fundi alitaka seramiki. Mzee alitaka rangi, tena alikuwa ameshanunua kopo lenye picha ya ndimi za moto, na muuzaji amemwapia kwamba hata moto wa jehanamu hauiwezi.

"Mwambie mumeo mabomba si mikate," mzee alisema. "Hayaokwi."

Mume huyo alikuwa amesimama hapo hapo na spana mkononi, ameshasikia kila neno. Posta alimwambia hata hivyo. Ndivyo ilivyokuwa, na ukitaka kukosana nao wote wawili, jaribu kuwaambia wanasikiana.

Sasa, gari lile halikuwa la starehe. Mama yake Posta alikuwa na kisukari, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ungeweza kumkanyaga asigeuke. Nesi wa kliniki alishawaonya waitunze ile miguu kama mayai, kwa sababu kidonda kidogo tu cha mtu asiyesikia maumivu kinaweza kuondoka na mguu mzima. Alikuwepo jirani yao wa nyumba ya pili ambaye sasa alitembea kwa magongo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kila Jumanne mzee alimpeleka mkewe kliniki kwa gari hilo, mama ameketi mbele, kwa kuwa magoti yake hayakukunjika vizuri kuweza kukaa nyuma.

Basi mzee akapaka. Na tuseme ukweli, alijua kupaka. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafuta kwa tineri, akavaa glavu ili alama ya kidole isibaki, akayatundika mabomba kwenye waya wa kuanikia nguo, katikati ya mashuka. Waya ukalegea, mashuka yakaburura chini, mama akalalamika kutoka jikoni, na mzee hakusikia.

"Kazi ya rangi ni maandalizi," alisema, kama alivyosema kila siku ya maisha yake.

Alipomaliza, mabomba yalikuwa na rangi ya fedha, laini, bila tone lililotiririka. Alivuta kiti akakaa kuyatazama.

Jioni ile fundi alimwita mkewe pembeni huku akijifuta mikono. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na haya aliyasema polepole. "Mwambie baba rangi inafaa kwa kutu, lakini haizuii joto. Yale mabomba yanapita chini ya miguu ya anayekaa mbele. Seramiki inalifungia joto ndani ya bomba. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Posta akazitembea zile hatua tano. Njiani akamwona baba yake kwenye kiti chake, akitabasamu peke yake, na furaha ya namna ile hakuwa ameiona usoni pake tangu astaafu. Atamwambiaje mtu wa hivyo kwamba kazi yake haizuii kitu? Tena maneno ya mkwe! Posta alikuwa na mazoea yake ya siku nyingi. Maneno ya hawa wawili aliyapiga pasi kwanza, akayatoa mikunjo, ndipo akayafikisha. Asingefanya hivyo wangekwisha kosana zamani, naye angebaki katikati akilia.

"Baba," alisema, "anasema rangi imekaa vizuri sana, ila seramiki nayo ingependeza."

Mzee akacheka. "Mwambie ahsante. Kupendeza kumeshapendeza."

Akarudi kwa mumewe akamwambia baba ameshukuru, lakini ataendelea na rangi. Fundi akatikisa kichwa, akayafunga mabomba, na habari hiyo hakuigusa tena. Mkwe akishasema, amesema.

Jumanne ya kwanza rangi ilirudi na mapele. Mzee alidai alikosea kuipasha, kwamba maelezo ya kwenye kopo yanataka injini iwashwe kidogo kidogo, ipoe, iwashwe tena. Fundi akayafungua, mzee akasugua, akapaka upya, na safari hii akakaa na saa mkononi akiwasha na kuzima mpaka majirani wakadhani gari limegoma. Jumanne ya pili rangi ilibanduka vipande vipande na kutoa harufu iliyowafuata mpaka sebuleni. Sasa lawama ikawa ya tineri. Tineri za siku hizi ni maji, mzee alisema, na Posta aende akamwambie mumewe hivyo. Mume akamwambia aende akamwambie baba pole. Posta akaenda akamwambia pole. Loo, maisha gani haya! Alikuwa na kazi zake, ana nyumba yake, ana watoto wa kuwasimamia, na hapa amegeuzwa waya wa simu na watu wazima wawili walioshindwa kutazamana. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya masikio manne mbona yalikuwa mazima?

Aliapa kwamba koti la tatu la rangi likibanduka, yeye hayumo.

Jumanne ya tatu jua lilikuwa kali na foleni ndefu. Injini ilinguruma palepale karibu nusu saa. Posta alikaa nyuma, akimsikiliza baba yake akisema kwamba leo hakuna harufu, umesikia, hakuna kabisa, kamwambie mumeo. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani, akitazama maduka yakipita.

Kliniki, nesi alimwambia mama avue ndala. Ya kulia ilikataa kutoka. Posta akainama kumsaidia, na alipoigeuza ile ndala akaona soli yake imelainika na kuchukua mistari ya zulia la mpira la kwenye gari, mstari kwa mstari. Chini ya kisigino cha mama kulikuwa na lengelenge kubwa kama yai, limeshapasuka upande mmoja.

"Umekanyaga wapi, mama?" nesi aliuliza.

"Sijakanyaga popote," mama akasema. "Nimetoka garini nikaingia hapa." Alijaribu kukitazama kisigino chake, asikifikie, akauliza kama ni kibaya. Nesi alisafisha, akafunga bandeji, akaandika arudi kila siku badala ya kila wiki, kisha akamtoa Posta nje ya pazia na kumwambia wamewahi, lakini wamewahi kwa kidogo sana, na likipata usaha asije akasema hakuambiwa.

Hakuambiwa. Neno hilo Posta aliondoka nalo. Wakati wa kurudi walimlaza mama kiti cha nyuma, mguu juu ya mapaja ya binti yake. Mzee aliendesha akizilaumu ndala, eti za siku hizi hazina soli. Posta alinyoosha mkono kati ya viti, akaigusa sakafu ya mbele upande wa abiria, akaurudisha haraka. Ndipo maneno ya mumewe yakamrudia, yale yasiyopigwa pasi. Chini ya miguu ya anayekaa mbele. Mwambie hivyo hivyo. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amesinzia, na akajiona mjinga kuliko watu wote aliowahi kuwakasirikia.

Nyumbani fundi alikuwa uani, ameshatandika zana zake. Walimwingiza mama ndani, wakamwachia mdogo wake Posta. Mzee alifungua boneti akachungulia.

"Mwambie mumeo imeshika," alisema. "Imebanduka hapa pembeni tu. Koti moja jingine basi."

"Sisemi," Posta akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Sisemi, nimechoka. Na kabla sijanyamaza, nisikilizeni wote, kwa maana leo sitarudia upande wa pili." Alisimama katikati yao. "Baba, mama ameungua kisigino. Ameunguzwa na sakafu ya gari hili. Mume wangu alinituma tangu rangi ya kwanza nikwambie kwamba joto litaingia miguuni mwa anayekaa mbele, na rangi haitalizuia. Sikukufikishia. Nilikwambia seramiki inapendeza. Niliona umefurahi, nikaogopa kukuudhi."

Hakuna aliyemfokea. Alitamani wamfokee.

"Nilidhani amekataa," fundi alisema taratibu, akimwambia mkewe, kisha akaona aibu, akamgeukia mzee. "Nilidhani umekataa, baba. Ningerudia. Ilinipasa kurudia."

"Na mimi nilidhani unanisifu," mzee akasema.

Alisimama kidogo akiyatazama mabomba yake ya fedha. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akavua kiatu cha kulia na soksi yake.

"Mwanangu," alimwambia fundi, usoni, bila kumtafuta mtu wa katikati. "Endesha. Shika njia ya kliniki."

Fundi akaingia bila kuuliza. Posta akapanda nyuma. Gari lilikuwa bado la moto. Mzee akauweka mguu mtupu juu ya zulia la mpira, akaegemeza mgongo kitini, macho mbele. Hadi kituo cha mafuta mguu ulitulia. Baada ya hapo vidole vya mguu vilianza kucheza, akavikaza. Kwenye mzunguko jasho lilikuwa linamtoka kidevuni. Fundi alipunguza mwendo, mzee akamwashiria asisimame. Wakaikuta foleni ileile ya asubuhi, injini ikanguruma palepale, na kabla magari ya mbele hayajasogea mara mbili, mzee aliunyanyua mguu wake kwa mikono yote miwili akaupakata pajani. Unyayo ulikuwa mwekundu. Hata nusu ya njia walikuwa hawajafika.

"Mama yenu alikaa na joto hili mpaka kliniki," alisema.

Magari yakasogea kidogo, yakasimama.

"Hao watu wako wa seramiki wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, baba."

"Basi usigeuze. Nyoosha huko huko kwao."

Posta alibaki akisubiri aambiwe amwambie mtu jambo. Hakuambiwa. Baba yake alikuwa bado ameushika mguu wake, na hakuurudisha chini mpaka walipofika.