Jina la Glody Kwenye Barafu

Marthe alishona shati la sare ya ulinzi, akalifumua, akaanza upya. Kibanda chake cha ushonaji hapo Marshalltown, ugenini kusini mwa Afrika, hakikuwa na nafasi ya kutembea, lakini alisimama na kukaa kama mtu aliyekalia upupu.

Aliyemkosesha utulivu ni binti yake, Carmel. Alisomea mawe chuoni, na kiangazi kilichopita watafiti walimchukua hadi Antaktika, kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Huko walifikia kilele ambacho kwenye picha za ndege kilidhaniwa kuwa kivuli. Kiongozi wao akamwambia: umekiona wewe kwanza, pendekeza jina.

"Nimepeleka la Glody," alisema Carmel, ameegemea mlango.

Glody alikuwa kaka yake. Alikwenda kuchimba dhahabu Kamituga, kule kwao nyumbani, mlima ukaporomoka. Wenzake walifukuliwa, yeye hakupatikana. Baadaye mtu akadai amemwona katika mji wa Uvira, na Marthe aling'ang'ania neno hilo.

"Bon, haya. Mbona unaniangalia hivyo?"

"Kamati ya majina haitaki mtu aliye hai, mama. Waliuliza. Nikajibu ni marehemu."

Mashine ikanyamaza.

"Umemzika bila kuniambia."

"Mama, ni miaka mitatu."

"Na hatujaketi kilio. Hélène na wamama wenzake wa kanisa wakisikia, jioni wako hapa na viti na masufuria ya matanga. Niwaambie warudi navyo?"

"Nilitaka awe na mahali."

"Na siku akitokea? Nimwambie, dada yako alikuua apate mlima?"

"Glody?" Carmel alicheka huku anafuta macho. "Atafurahi. Atataka kila anayepita alipe."

"Atataka." Marthe naye nusura acheke. "Wakikosa jina inakuwaje?"

"Kinabaki na namba. Halafu atakuja mwingine akipe jina lake."

"Aje. Waandikie sasa kwamba hajafa, nikiona."

Carmel alitoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akamwonyesha mama yake kioo. Marthe alisoma neno kwa neno.

"Tuma."

Akatuma, akaondoka bila kuaga. Marthe alikaa, akaingiza uzi, akasimama. Alitoka mlangoni akatazama pale roboti, kwenye taa za barabarani, teksi ilipokuwa ikishusha watu. Aliwaangalia wanaume usoni mmoja mmoja, hadi teksi ikaondoka, na nyingine ikasimama.