Vitunguu Juu ya Mshale

Mwaka 1995, saa kumi na mbili asubuhi, Makarius na Letisia walisimama nyuma ya gari la ofisi ya utafiti ya Mikumi, wakihesabu nyumbu. Kila mmoja alijaza daftari lake. Letisia, mwenye miaka miwili tu kazini, aliona hata waliolala majanini. Makarius alikuwa na miaka kumi na minane kazini. Wenzake walipokwenda kunywa chai alibaki, akasali Baba Yetu, kisha akachukua kifutio na kufuta nyumbu watano wa Letisia. Alifanya hivyo kila wiki.

Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kati yao wawili angebaki mmoja.

Mkuu wao, Mama Costancia, aliingiza hesabu zote kwenye kompyuta. Hakuna aliyeiambia nani anamla nani. Ilijifunza yenyewe, kwa kuangalia idadi ya huyu inavyoshuka ya yule inapopanda, kisha ikachora mishale: simba kwa pundamilia, moto kwa nyasi. Kwa kuwa kila hesabu ilikuwa na jina la mhesabuji, ikachora na mmoja kutoka kwa Makarius kwenda kwa Letisia. Mshale huo ulitoka kwenye kioo, ukashika kifuani mwa Makarius na begani mwa Letisia. Ulikuwa mwekundu, mnene kama kamba ya katani.

"Shikamoo kaka Makarius," alisema Letisia. "Ndiyo umenifunga kama mbuzi wa Pasaka?"

"Marahaba," alijibu, akiangalia viatu vyake.

"Inueni kidogo, nipite na birika," alisema Beda, mlinzi.

Mama Costancia alifungua daftari la Letisia, akapapasa palipofutwa. "Mashine imesema kweli," alisema. "Lakini barua ya kumwachisha kazi Letisia imeshapigwa mhuri."

Letisia alipanda basi, akaenda Dumila kuuza vitunguu. Mshale ulirefuka, ukapita juu ya mapaa ya Kilosa. Makarius alimwomba Mungu auondoe. Kuhusu kifutio hakumwambia neno.

Kule njia panda, Letisia alitundika mafungu ya vitunguu juu ya mshale huo. Kila asubuhi Makarius alihisi uzito wa kila fungu kifuani, akayahesabu. Siku moja yalifika arobaini. Nyumbu wake walikuwa thelathini na mmoja.

Akaandika nyumbu. Kisha akatoa kifutio, akapekua daftari ukurasa kwa ukurasa, akitafuta mahali pa kufuta vitunguu.