Rafu za Kukunja za Hoteli ya Kianda

Jikoni mwa Mideva na Akoth, pale Kianda, Kibera, mtu hakugeuka kabla ya kumwarifu mwenzake. Mideva alikandia chapati upande wa dirisha, Akoth akasimamia masufuria upande wa mlango, na Akoth akiinama kuonja ndengu, ilibidi Mideva abane pumzi na kujibandika ukutani kama kalenda. Akoth alikuwa mama wa kutoka pande za ziwa, mkubwa kwa mwili na mkubwa zaidi kwa kicheko, na akicheka vikombe viligongana vyenyewe. Wawili hao waligombana kila asubuhi, wakasahau kabla ya mchana, na hoteli yao ilijaa vibarua wa mjengo, walimu na wauza mitumba ambao waliapa kwamba chapati za Mideva hazina mfano Kibera nzima.

Vyombo vyote vilikaa sakafuni. Masufuria, gunia la maharagwe, kabichi, debe la mafuta, beseni la sukuma: kutoka mlangoni hadi dirishani uliruka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wao walikuwa wamezoea. Lakini ule ulikuwa mwaka wa El Niño, mvua ilinyesha kana kwamba imetumwa, maji machafu yakaingia kila nyumba, na watu wakaanza kuugua matumbo. Ndipo Bwana Mulwa, bwana afya, alipoanza kuzungukia hoteli za Kianda.

Mulwa alikuwa mtu mpole. Alibisha, akasalimia, akaingia, na hatua yake ya kwanza ikatua ndani ya beseni la sukuma. Akatoa mguu polepole, akatoa jani lililobaki kwenye soksi, akalirudisha kwenye beseni, kisha akajutia na kulitoa tena. Akawaeleza kwa upole kwamba chakula hakiwezi kukaa chini maji yakiwa hivi. Kila kitu kiinuliwe. Jumatatu angerudi, na akikuta hata kitunguu kimoja sakafuni, angefunga hoteli.

Siku hiyo hiyo wakaazima kabati la vitabu kutoka kwa mwalimu mmoja, mteja wao. Liliingia kwa shida. Mideva akapanga masufuria juu yake, jiko likapendeza, kisha Akoth akaingia kuona. Alifika katikati ya kabati na moto, akasimama, akajaribu kurudi, akashindwa. Mideva akamvuta mkono, mwalimu akavuta kabati, na Akoth akaanza kucheka, jambo lililomfanya azidi kubanwa. Alipochomoka hatimaye, walikaa wote kwenye benchi wakifuta machozi. Kicheko kilipoisha, Mideva akalitazama kabati, kisha akamtazama Akoth. Rafu ikiwepo, Akoth hatoshi. Akoth akiwepo, rafu haitoshi. Na bila Akoth hakukuwa na hoteli.

Kesho yake Mideva alikuwa soko la Makina akinunua vitunguu, moyo mzito, alipomwona muuza soksi mmoja. Soksi zake zilining'inia kwenye fremu ya chuma ndefu kumshinda mwenyewe. Mtu fulani akapiga mluzi kwamba askari wa jiji wanakuja. Muuza soksi akasukuma kitu kwa goti, fremu ikajikunja yote, soksi ndani, ikawa bapa kama gazeti, akaibana kwapani na kutoweka.

Mideva alisahau vitunguu. Alimfuata mbio, akipita maduka, akipita msikiti, leso ikipeperuka, akimwita asimame. Yule bwana, akisikia sauti ya amri nyuma yake, aliongeza gia. Watu wakasimama kutazama, mzee mmoja akamuuliza Mideva ameibiwa nini, naye hakuwa na pumzi ya kujibu. Tope ndilo lililomsaidia. Muuza soksi aliteleza, akakaa kitako, akainua mikono na kusema yuko tayari kwenda popote wanapompeleka.

"Sikupeleki mahali," Mideva akasema, akihema. "Nataka tu kujua nani alikutengenezea hiyo kitu."

Muuza soksi akamwambia ni Wekulo, fundi wa kuchomelea wa Kawangware, pale mtaa wa Congo. Mideva akamnunulia soksi kwa shukrani, za kiume, ingawa hakuwa na mwanamume wa kumvisha, akashika njia ya Dagoretti Corner kwa miguu bila hata kurudi kumwarifu Akoth.

Wekulo alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye alama za miwani ya kuchomelea kuzunguka macho, kwa hiyo alionekana kama anashangaa kila wakati. Kazi yake ilikuwa mageti na madirisha. Alimsikiliza Mideva mpaka mwisho, na Mideva alieleza kwa mikono na miguu: rafu zinazofunguka asubuhi na kubeba kila kitu, kisha saa ya mchana, masufuria yakiwa motoni, zinalala ukutani ili watu wapate pa kupita. Wekulo akauliza swali moja tu, huyo mwenzake ana upana gani. Mideva akaonyesha kwa mikono. Akafikiri, akaipanua mikono kidogo. Akafikiri tena, akaipanua zaidi. Wekulo akasema ni afadhali aje kupima mwenyewe.

Alikuja na futi yake ya kupimia, akapima ukuta, akapima mlango, kisha akabaki akiitazama futi kwa aibu. Akoth alielewa. Alisimama wima, akanyoosha mikono pembeni kama anayeshonewa gauni.

"Pima, fundi," akamwambia. "Lakini ukitaja hiyo namba kwa sauti, chai utakunywa kwenu."

Wekulo alipima, hakutaja, akanywa chai. Mideva alitazama mikono yake mikubwa ikishika kikombe kwa uangalifu, akakumbuka soksi, akajikuta anaona haya bila sababu.

Jumapili baada ya kanisa rafu zilifika kwa mkokoteni. Zilikuwa fremu za chuma chepesi, zimepakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye geti la mtu, na mbao zake zililala kwenye bawaba, au hinji kama Wekulo alivyoziita. Wekulo akazifunga ukutani kwa skrubu ndefu. Ukiinua mkono na kuvuta, rafu zinashuka kama vidirisha. Ukisukuma, zinalala bapa. Akoth alipita mbele ya rafu, akarudi, akapita kinyumenyume, akazunguka mahali pamoja bila kugusa chochote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzunguka jikoni mwake. Alizunguka tena na tena hadi akapata kizunguzungu.

Wakapanga mzigo. Kabichi juu, vitunguu katikati, masufuria chini. Akoth akapiga makofi kwa furaha, na kwa mtikisiko wa makofi yale rafu ya juu ikajikunja kwa adabu, ikaikunja ya pili, na kabichi zote zikaruka mlangoni. Nje palikuwa na mteremko. Kabichi zikashuka Kianda moja baada ya nyingine, zikipita kati ya miguu ya waumini waliovaa mavazi meupe, Mideva nyuma yake, Wekulo nyuma ya Mideva, na nyuma yao kila mtu aliyekuwa hana kazi mtaani. Kwaya iliyokuwa ikirudi na ngoma yake ilidhani ni mkutano wa injili, ikajiunga. Wekulo akajitupa kama golikipa na kuzuia kabichi mbili kwa kifua. Nyingine ziliokotwa na kurudishwa kwa shangwe, isipokuwa moja iliyojiendea mtoni, na wengine wanasema bado inasafiri.

Mideva alitaka kukasirika. Kesho ilikuwa Jumatatu. Alimgeukia fundi aliyelala kwenye tope, kabichi kifuani, macho yakishangaa kama kawaida, na hasira ikakataa kuja. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope lile lile. Wekulo akasema kwa unyonge kwamba amesahau komeo.

Alfajiri alikuja na makomeo, akayafunga kila pembe, akajaribu rafu kwa kuning'inia juu yake yeye mwenyewe. Bwana Mulwa alipofika, hakukuwa na hata punje sakafuni. Alitazama chini, akatazama juu, kisha akauliza kama anaweza kujaribu. Alifungua. Alifunga. Akaomba aondolewe vitunguu ili ajaribu tena vizuri. Watu wa chai walikuwa wamepanga foleni nje na bwana afya alikuwa bado anafungua na kufunga, akitabasamu peke yake. Alisema hoteli iendelee, akatoka, akarudi kuuliza fundi anapatikana wapi, kwani jiko la mke wake pia ni dogo.

Habari zilienea. Watu walikula chapati, kisha wakaomba kuonyeshwa ukuta unaomeza masufuria. Wekulo naye alianza kuja kila Jumamosi kupaka bawaba mafuta, kutoka Kawangware mpaka Kibera kwa miguu, mvua au jua. Akoth alikuwa akimtazama Mideva, halafu anatazama bawaba, halafu anaangua kicheko na kwenda nje kununua chumvi wakati chumvi ipo.

Mwezi wa kumi na mbili, Mama Celine, jina lake Sella, aliyekaa Gatina, Kawangware, alikuja kuwaomba wapike arusi ya bintiye. Watu wengi, uwanja wa nyasi, turubai. Mideva alimwambia Wekulo, naye akatengeneza rafu nyingine za aina ile, zenye miguu yake, za kusimama popote. Siku ya arusi walizikunja zote, wakazipakia kwenye mkokoteni na kusukuma jiko lao zima kutoka Kianda hadi Gatina. Watu wa njiani waliuliza kama ni vitanda, kama ni ngazi, kama ni kizimba cha mbuzi. Akoth alijibu kila mtu ndiyo.

Pilau ilikuwa imeiva na arusi iko kanisani wakati mbingu zilipofunguka. Haikuwa mvua ya kungoja ipungue. Turubai lilijaa maji kama tumbo, maji yakashuka kutoka barabarani, yakakata katikati ya uwanja, yakachukua viatu vya Akoth, viti vya wageni na kuni zote. Sella alishika kichwa. Lakini Mideva alisimama maji yakimfika kwenye vifundo, akaona kwamba yanapita chini ya rafu, na chakula chote kiko juu, kikavu, kinatoa mvuke.

Juu ya uwanja palikuwa na chumba cha shule ya chekechea. Mideva akapaza sauti, na wageni waliotangulia, waliokuwa wamejibanza ukutani mwake, wakajikuta wamepanga mstari. Sufuria zikapita mkono hadi mkono, mabwana wa suti wakikumbatia kabichi, mama wa kofia za maua wakibeba chapati chini ya makoti. Kila rafu ilipoisha mzigo, Wekulo alisukuma komeo kwa goti, ikalala, ikakimbizwa juu, ikafunguliwa upya. Mideva na Wekulo walibeba ya mwisho, mmoja kila upande, wakiteleza kwa pamoja. Katikati ya mteremko Wekulo akasimama.

"Mideva," akasema, maji yakimtiririka puani, "zile hinji zenu hazina shida. Hazijawahi kuwa na shida."

"Najua," Mideva akasema. "Huwa nazipaka mafuta mwenyewe kila Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Ndio ukija usikae sana na hinji."

Wekulo aliduwaa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulifanana na kilichokuwa moyoni. Rafu ikamtoka mkononi. Mideva naye akaachilia, na ingetelezea bondeni kama Akoth hangeidaka akipita, akiwaambia kwamba wanaweza kupendana wakishamaliza kubeba.

Honi za arusi zikasikika barabarani. Celine alikuwa ndani ya gari, gauni jeupe limejaa mpaka dirishani, na kati yake na chumba palikuwa na mto. Bwana arusi alitaka kumbeba, lakini yeye mwenyewe alikuwa mwembamba na gauni lilikuwa zito. Wekulo ndiye aliyeona njia. Walifungua rafu mbili, wakazifunga pamoja kwa kamba, wakatandaza turubai juu, na wanaume wakainua lile paa la chuma cha buluu juu ya vichwa vyao. Celine akashuka, akakusanya gauni mikononi, akavua viatu, akatembea chini yake akiwa mkavu kabisa, wabebaji wamelowa chepechepe na kuimba. Katikati ya maji akaona safari hiyo ni nzuri mno kuimaliza haraka. Akaanza kucheza. Paa likacheza naye. Alipofika mlangoni aligeuka, akaomba warudi mpaka kwenye gari waanze upya, na walirudi.

Walikula wamesimama, bega kwa bega, katika chumba chenye picha za tembo na herufi kubwa ukutani, rafu zikiwa zimewazunguka zimebeba kila kitu. Sella alisema hajawahi kuona arusi ambayo watu wamelowa hivi na hakuna aliyeondoka. Kabla ya keki, wenye hoteli watatu wa Kawangware walikuwa wameshamshika Wekulo kwenye kona, kila mmoja akimwonyesha kwa mikono ukubwa wa jiko lake, na Wekulo alikuwa akiitikia huku macho yake yakimtafuta Mideva juu ya vichwa vya watu.

Jioni mvua ilipopungua walirudi. Akoth, miguu mitupu, alikaa juu ya rafu zilizokunjwa kwenye mkokoteni, amejifunika turubai, akiwapungia mkono watu wa Dagoretti Corner kama mtu mkubwa wa serikali. Wekulo alivuta mbele. Mideva alisukuma nyuma, na kila gurudumu lilipoingia shimoni na Akoth kuruka na kutua, Mideva alicheka mpaka nguvu zikamwisha mikononi, ikabidi wasimame tena kando ya barabara, wote watatu, wangoje kicheko kipite ndipo waendelee.