Mahali pa Kukusanyika

Fundi cherehani alikuja mkutanoni na tepu yake shingoni, maana alikuwa ameapa kwamba watu wa kiwanda cha mafuta hawatampotezea hata nusu saa. Ukumbi wa shule ulifurika. Wakazi walishasema hapana, wakasaini hapana, na bado yule bwana wa kampuni, kijana wa shati linalombana kwapani, alikuwa akitabasamu kama mgeni aliyekaribishwa.

Akatundika ramani ubaoni. Matangi yalikuwa hatua mia mbili tu kutoka nyumba ya mwisho.

"Usalama kwanza," alisema. "Moto ukizuka, wote mtakimbilia hapa." Akagusa alama ya kijani. "Ni kiwanja kitupu, hakina hata jiwe."

Watu wakatazamana.

Fundi alikijua kiwanja hicho. Miaka kumi na miwili nyuma, lori la mafuta lilipinduka sokoni likawaka, na waliokufa wakazikwa pale, kaburi moja, bila majina, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtambua mtu wake. Mumewe alikuwa mle. Hakujua yuko upande gani, basi kila akipita aliwasalimia wote, na siku za jua kali angeapa kwamba aliwasikia wakiitikia.

Alisimama.

"Mwanangu, hapo panatosha watu wangapi?"

"Mia tano, mama. Bila kubanana."

"Basi punguza thelathini na wanane," alisema. "Wao walishafika."