Kona ya Nyuma ya Mkeka wa Pili

Kiatu kilikuwa cheupe, na soli yake ilikuwa na doa la manjano. Binti yangu Wening alikuwa amekaa kando ya bomba la maji nyuma ya ukumbi, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama gogo, anasugua doa lile kwa brashi ya kufulia. Hakuinua macho.

"Baba, niletee sabuni."

Nikamletea. Doa lilikuwa la bizari, na nilijua imetoka wapi.

Mikeka ya ukumbi wa badminton, mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi, pale mjini kwetu, Kudus, naitunza mimi. Ni ya plastiki, ya kijani, wachezaji wanacheza juu yake, inashika soli kama kiganja. Unapitisha mopu kavu kwanza, halafu kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa sana. Sabuni huigusishi, inaacha utelezi. Mwisho unavua viatu unatembea peku kila pembe, maana jicho linadanganywa na rangi lakini unyayo haudanganyiki.

Wening alikuwa na miaka kumi na sita. Mechi moja tu, akishinda, anakwenda bweni la wachezaji Jakarta. Jioni ya kuamkia siku hiyo majirani walikuja kumwombea heri, na mke wangu Lastri alipika mnara wa wali wa manjano na kuku wa kukaanga. Tulipanga kukaa barazani. Mvua ikanyesha. Nikafungua mlango wa ukumbi.

Kocha Gunadi akanishika bega. "Mzee Tarno, ile mikeka si sebule."

"Mwalimu, wewe jua raketi. Mikeka naijua mimi."

Watu wakacheka. Hata yeye akacheka, akavua viatu, akaketi.

Tulitandaza majani ya migomba, tukala, tukaomba. Wakati wa kuondoka jirani mmoja akainua sinia vibaya, na mafuta ya kuku yenye bizari yakamwagika kona ya nyuma ya mkeka wa pili. Nilifuta kwa kitambaa cha maji. Nikatazama, kijani kitupu. Nilikuwa nimeshiba, nimesifiwa, nikazima taa.

Asubuhi nilivaa shati la batiki na viatu vya ngozi vya kuazima. Nilisimama mlangoni nawapa mikono wageni, maana siku hiyo sikuwa mfagiaji, nilikuwa baba wa mchezaji. Mopu nilipitisha. Peku sikutembea.

Seti ya tatu, kumi na nane kwa kumi na sita, Wening anaongoza. Kinyoya kikapanda juu kuelekea kona ile. Akarudi nyuma, akaruka, mguu ukatua na kuendelea kwenda. Goti lililia. Nililisikia toka mlangoni, na harufu ya karafuu ya kiwanda cha jirani, wanakochanganya karafuu kwenye sigara, ilikuwa imejaa ukumbi mzima kama siku zote.

Gunadi alipiga magoti kando yake. "Umeteleza? Pana nini hapa?"

Wening alinitazama mimi, na viatu vyangu vya ngozi.

"Hapana kitu, Mwalimu. Ni miguu yangu tu."

Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua. Kule bombani, alipomaliza kusugua, alisema, "Mwalimu akiuliza kwa nini kiatu kimelowa, mwambie nimekitapikia." Halafu ndipo akalia, na mimi nikabaki nimeshika kipande cha sabuni.

Miaka kumi na mitano imepita. Lastri alikufa hajui. Wening anasokota sigara kiwandani, kazi ya kukaa, na akishuka ngazi anatanguliza mguu ulioumia. Jioni anapitia ukumbini twende wote nyumbani. Anavua kandambili mlangoni, lakini haingii. Anaegemea mlango, ananitazama nikitembea peku.

Juzi nilimaliza mkeka wa kwanza nikasimama. Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi ile sikutembea peku.

"Umemaliza, Baba?"

"Bado ile kona."

"Haya," akasema. "Nakusubiri."